Ubeti wa Tatu ni Kiraka

Mhadhiri wetu alikuwa na dini mbili. Ya kwanza sikuwahi kumuuliza. Ya pili ilikuwa vyanzo. Siku ya kutupa kazi ya uchambuzi wa shairi alisimama mbele ya darasa la watu wazima waliochoka, wengi wetu walimu wa shule za msingi tuliojiandikisha kusoma digrii mwisho wa wiki, akatuambia wazi kwamba maoni yetu hayana kazi.

"Mnayoona ninyi hayanihusu," alisema. "Niambieni nani kasema, kwenye kitabu gani, ukurasa wa ngapi."

Vyanzo visipungue vitano, na vyote viwe vya maktaba. Mtandao, kwa maneno yake, ni gulio, kila mtu anauza alicholala nacho. Hoja isiyo na chanzo itakatwa alama, hata kama ni ya kweli.

Somo hilo mimi nilikuwa nalirudia. Mara ya kwanza niliandika uchambuzi mzima kutoka kichwani mwangu, nikajisifu peke yangu sebuleni, kisha nikapata alama ambayo wanafunzi wangu wakiijua hawatanisikiliza tena. Safari hii ikishindikana, wenzangu wangevaa majoho mimi niko nyumbani Misugusugu, Kibaha, nasahihisha madaftari ya darasa la nne. Na kwa jinsi nilivyokwisha kutangaza mtaani kwamba nahitimu, ingenibidi nihame.

Tulipewa mashairi kadhaa, kila mtu achague moja. Nilichagua fupi kuliko yote, na wala sioni haya. Lilikuwa la beti tatu, na chini yake kumeandikwa kwamba ni wimbo wa kumtoa mwali, kutoka Kisarawe, mtunzi hajulikani.

Kisarawe ndiko kwetu. Mwali kwetu ni msichana aliyevunja ungo, akawekwa ndani afundwe na kungwi, na siku ya kumtoa nje huwa ni ngoma na mapishi mtaa mzima. Mimi nimewekwa ndani huko, nimetolewa huko, na kungwi wa kutegemewa upande ule ni shangazi yangu, dada wa baba. Nikaona Mungu si Athumani, kaniletea mtihani nyumbani. Wimbo wenyewe ulikuwa huu:

Kuku wameingia bandani,
jua limeshuka mlimani,
mwenye kwao na aende,
njia haina mwiba.

Maji yamo mtungini,
anywaye hatosheki,
mwenye kwao na aende,
nyumba haina taa.

Mtoto analia,
mniache nimnyonyeshe,
mtoto analia jamani.

Nilipousoma, kitu kiliniwasha kidogo. Miaka ile ya ndani nilifundishwa nyimbo mpaka nikaziota, na huu haukuwamo. Lakini ulikuwa umechapwa. Mtu anaweza kubishana na shangazi yake, ila kubishana na kitabu cha jalada gumu kunataka moyo. Nikaamua kwamba siku walipouimba lazima nilikuwa nimesinzia.

Basi nikaanza kwenda maktaba. Kila nikitoka shuleni kwangu Tangini, badala ya kurudi nyumbani nikainjike maharage, nilielekea huko na begi langu, nikatafuta meza iliyo chini ya feni. Meza hiyo ilikuwa na wenyewe, vijana wa sekondari waliokuja kulala mahali penye ubaridi, kila mmoja kalalia kitabu cha fizikia. Mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliwaacha walale kwa sababu aliyelala hapigi kelele. Mimi niliyekuwa macho ndiye niliyemsumbua.

"Unatafuta nini mwalimu?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Waliochambua wimbo huu wa mwali."

Aliusoma, akanitazama, akausoma tena. Yeye ni mtu wa bara, mambo ya mwali kwake ni hadithi za Pwani. "Mmh," alisema, akanipeleka kwenye rafu ya chini kabisa, ile ambayo lazima upige magoti kama unaomba msamaha.

Nikapiga magoti. Nilichokuwa nafanya ni kufungua kila kitabu mwishoni, kwenye faharasa, nikatafuta neno mwali au Uzaramo, nikilipata nafungua ukurasa wake kwa bismillahi. Mara nyingi nilikuta sentensi moja tu, imepita kama mtu anayewahi basi. Lakini nilivumilia, na taratibu vyanzo vikaanza kupatikana.

Cha kwanza kilikuwa kitabu chenye jalada la kijani cha mtafiti aliyekwenda Kisarawe zamani na redio kaseti akaurekodi wimbo wenyewe. Cha pili kilikuwa cha mtu aliyesoma kitabu cha kijani. Cha tatu ni cha mtu aliyemsoma huyo aliyesoma cha kijani. Wa nne aliwasoma wote akagombana nao kwa heshima, na wa tano aliwashukuru. Hakuna hata mmoja baada ya yule wa kwanza aliyekanyaga Kisarawe. Walikuwa kama majirani wanaoazimana jiko moja la mkaa, na kila mmoja anamwambia mgeni wake kwamba ni lake.

Lakini walivyokuwa wanajua kusema! Kuku wanaoingia bandani ni wasichana wanaorudi chini ya himaya ya ukoo. Jua linaloshuka ni usichana unaofikia ukomo. Mwenye kwao anayeambiwa aende ni mwali anayeagwa kwenda kwa mume. Maji ya mtungini, hapo wote wanne wa kukopa walishusha sauti, ni siri ya unyumba, ndiyo maana anywaye hatosheki. Nilinakili yote kwa kurasa zake. Nilikuwa nakuwa msomi.

Ubeti wa tatu tu ndio waliukataa. Hauna urari, hauna kibwagizo, hauhusiani na beti za juu. Mmoja alisema mwimbaji alisahau maneno. Mwingine alisema umeingia kutoka wimbo mwingine wa kubembeleza watoto. Wa nne, yule mgomvi, aliuita kiraka. Neno hilo nililipenda sana. Nikaandika katika rasimu yangu kwamba ubeti wa tatu ni kiraka, uliotiwa baadaye na mtu asiyejua kutunga, na mwisho wa sentensi nikapanga vyanzo vyangu kama sahani za harusi.

Kilichobaki ni sehemu moja ya kazi iliyotaka tueleze wimbo unavyoimbwa, nani anaanza, nani anaitikia, mwali anakaa vipi. Vitabu hapo vilinitupa mkono. Vyote vilisema tu kwamba huimbwa siku ya kumtoa mwali, basi. Nikawaza, ya nini kuhangaika wakati mwenye ngoma yake yupo. Jumamosi nikaenda Kisarawe. Ukitoka Kibaha ni kuishukia Dar kwanza na kuupanda mlima wa Pugu upya, lakini nilikwenda kwa raha, na kopi zangu zote kwenye mfuko.

Shangazi nilimkuta uani amekalia mbuzi anakuna nazi, mguu mmoja huku, mwingine kule.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Za Kibaha? Huo mfuko umebeba nini, mbona mzito?"

"Masomo."

"Basi weka hapo, nilidhani mkate." Mkate ulikuwepo pia, nikautoa, akanikaribisha vizuri zaidi.

Nilimweleza kazi yangu. Nilimwambia kuna wimbo wa kumtoa mwali uko vitabuni, nataka anieleze unachezwaje. Akasema soma. Nikasoma ubeti wa kwanza kwa sauti ya darasani. Mkono wake ukasimama juu ya nazi.

"Soma tena hapo pa kuku."

Nikasoma. Akaniuliza nimeupata wapi. Nikamwambia maktaba, umo katika vitabu vitano. Shangazi yangu alifunika mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakaanza kutikisika, na muda si muda alikuwa amejiinamia juu ya sinia anacheka mpaka nikahofia tui litakuwa na machozi.

"Kumbe aliupeleka," alisema alipopata pumzi. "Masikini ya Mungu, aliupeleka kweli."

Akajifuta macho, akanihadithia.

Zamani, mimi niko mchanga, alikuja mgeni mwanamume kutoka mjini, ameletwa na mjumbe wa nyumba kumi. Kijana wa adabu, kavaa suruali iliyopigwa pasi, redio kaseti begani na mfuko wa sukari mkononi. Alikuwa anatafuta nyimbo za mwali. Shangazi na mama yangu walikuwa kwenye mkeka wanamenya mihogo, wakatazamana. Nyimbo za ndani haziendi kwa mwanamume. Hata baba yangu, aliyezaliwa na kukulia nyumba ile, hajui hata moja. Lakini mgeni huwezi kumwambia toka, hasa aliyeleta sukari, na miaka hiyo sukari ilikuwa haionekani.

"Tukamwambia hatujui. Akasema atasubiri tukumbuke," shangazi alisema. "Alikaa tangu watu wanatoka adhuhuri. Anatabasamu tu. Tumemenya mihogo imeisha, tumeanza kumenya ya kesho. Nikaona huyu asipopewa wimbo atalala. Basi nikaanza kumwimbia yaliyokuwapo pale. Kuku si hao wanaingia? Jua si hilo linazama? Mwenye kwao na aende. Namwambia aende kwao mwanangu, kwa lugha ya upole. Naye anaandika. Kadiri ninavyomfukuza ndivyo anavyozidi kuandika. Akauliza hapo pa aende panarudiwa mara ngapi."

"Shangazi, vitabuni wamesema maji ya mtungini ni siri ya unyumba."

"Mtungi ulikuwa hapo mlangoni. Alikunywa maji yule bwana, kata hii kata ile, nikaona tutakosa ya kupikia ugali." Akainamia nazi, akakuna kidogo, akasimama tena. "Lakini wamesema ni mzuri?"

"Wamesema una taswira nzito."

"Nzito," alirudia. Alionekana kuridhika sana. "Mimi nilijua. Ule wa kuku ulinijia hivihivi bila kufikiri."

Nami nilikuwa nacheka, nacheka kabisa, huku upande mmoja wa akili yangu unahesabu hasara. Vyanzo vyangu vyote vitano vilikuwa vimejengwa juu ya mwanamke aliyetaka mgeni aondoke ili yeye akapike. Na katika kule kucheka, kwa ujuaji wangu wote mpya, nikasema, "Wewe wamekusifu. Ubeti wa tatu ndio wameukataa. Wamesema ni kiraka. Hata mimi nimeandika kwamba kautia mtu asiyejua kutunga."

Shangazi hakucheka.

"Huo ni wa mama yako," alisema.

Aliweka nazi chini, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetoa habari za shamba. Nilikuwa mapajani mwa mama. Njaa imenishika, nalia mpaka napoteza sauti. Mama alikuwa mwali wa juzi, mwenye haya nyingi, hakuweza kufungua ziwa mbele ya mwanamume mgeni, na mgeni hakuwa na habari. Kuondoka mkekani na kumwacha wifi yake peke yake na mgeni aliona si adabu. Basi akaingia katika wimbo, kwa sauti ileile ya shangazi, akiomba aachwe anyonyeshe.

"Hakuwa anatunga. Alikuwa anasema," shangazi alisema. "Nikamwona yule bwana anaandika na hayo. Tuliangaliana na mama yako, tukainamia mihogo, mbavu zinatuuma. Wewe unalia, sisi tunacheka. Alipoondoka mama yako alikunyonyesha mpaka ukacheua, anakuomba radhi."

Mama yangu alifariki mwaka nilioanza kazi ya ualimu. Hakujua kuandika. Alichoacha ni kanga, sufuria, na picha ya kadi ya kura ambamo amekodoa macho kama anakamatwa. Sauti yake nilikuwa nimeshaanza kuisahau, jambo ambalo sikupenda kumwambia mtu. Na kumbe ilikuwa imelala kwenye rafu ya chini kule Kibaha, mistari mitatu, na mimi nilipoipata nikaiandikia kwamba ni kiraka. Nililia pale uani, mbele ya shangazi na nazi yake. Niliona uchungu na niliona aibu, vyote kwa pamoja.

Aliniacha nilie. Nilipotulia akanipa chai, kisha akaniambia la muhimu.

"Haya nimekuambia wewe kwa sababu ulikaa ndani. Usiyaandike."

"Shangazi, ni uongo upo vitabuni."

"Uache. Wakijua huo ni wa uongo watakuja kuulizia wa kweli. Na safari hii watakuja na sukari nyingi."

Niliondoka na kopi zangu, nazi moja na huzuni, na njiani nikaanza kufikiri kama mwanafunzi tena, maana tarehe ya kukusanya kazi ilikuwa haijasogea kwa ajili ya mama yangu. Beti mbili za shangazi hazikunisumbua. Kama ametaka uongo wake uendelee kuheshimiwa, nitauheshimu, na kwa vyanzo vitano. Lakini ule wa tatu nisingeweza tena kuuita kiraka. Na mhadhiri alishasema asiyetaka kukatwa alama aje na nani kasema.

Nikarudi maktaba kutafuta mtu mmoja, mmoja tu, aliyewahi kusema neno jema juu ya ubeti wa mama. Mkutubi aliponiona napiga magoti tena alidhani nimepoteza kitu. Nilipekua rafu ile ya chini, nikapanda ya juu yake, nikaomba na majarida yaliyofungwa kwa kamba kule nyuma. Vumbi lilinifanya nipige chafya mpaka mmoja wa wale wanafizikia akaamka.

Nilimpata. Katika jarida moja la zamani, makala ndefu, mtu mmoja aliutetea ubeti wa tatu kwa nguvu zake zote. Alisema wenzake hawakuuelewa. Alisema ndio kilele cha wimbo. Nikafungua ukurasa unaofuata. Mtoto anayelia, aliandika, ni taifa changa, na ziwa analolililia ni uhuru wa kiuchumi.

Nilitoa kalamu. Chanzo ndicho hicho, kina jina, kina ukurasa, na kinamsifu mama. Ningekinakili tu, nikapata alama zangu, nikavaa joho. Hakuna ambaye angeumia. Lakini nilijiangalia pale chini sakafuni, na kiatu kimoja kimenitoka, nikajua kwamba mimi sijawahi kuwa taifa. Nilikuwa mtoto mwenye njaa. Mama yangu alishazuiwa kuninyonyesha mara moja na msomi, na sikuona sababu ya kumleta wa pili aje kumzuia tena. Nikalifunga jarida nikalirudisha.

Kazi niliyokusanya ilikuwa ya adabu kwa sehemu kubwa. Kuku walikuwa himaya ya ukoo, jua usichana, mtungi nikauacha na siri yake. Kwenye maelezo ya namna unavyoimbwa niliandika, kwa ukweli mtupu, kwamba waimbaji huketi. Nilipofika ubeti wa tatu nilifuta kiraka na sahani zake zote, nikaandika sentensi moja ambayo haikutoboa siri ya mtu: kwamba mtoto anayelia hapa ni mtoto, ana njaa, na mama yake anaona haya kumnyonyesha mbele ya mgeni. Baada yake nikaweka nukta. Mabano ya chanzo sikuyaweka.

Nilifaulu kwa kuchungulia. Joho nililivaa, likanipwaya, na shangazi alikuja kutoka Kisarawe akapiga vigelegele vya kumtoa mwali, vya kweli, mbele ya wanaume wote wale wasiojua wanachosikia.

Ile karatasi ninayo. Mhadhiri aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, tiki kwenye kuku, tiki kubwa kwenye mtungi. Kwenye sentensi yangu ya ubeti wa tatu alipiga mstari chini, akakata alama zake, na pembeni akaandika kwa mwandiko mzuri: Nani kasema?

Siku niliporudishiwa niliikunja nikaitia begini. Nilijibu baadaye, nyumbani, kwa kalamu yangu ya bluu ya kusahihishia madaftari, chini ya maneno yake, ingawa yeye hatasoma. Nimesema mimi. Ndiye niliyekuwa nalia.